Mwaka wa Majedwali Mawili

Mwezi uliopita mhadhiri mmoja kijana alinipigia simu kunijulisha kwamba Daktari Anselmo amefariki, na kwamba wanafunzi wake wa zamani wanaandaa kijitabu cha kumkumbuka. Aliniomba nusu ukurasa. "Mama, andika lolote zuri unalolikumbuka," akasema, kisha akaongeza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuonywa juu yangu, "hata kama ni fupi." Nilimwambia nitajaribu. Nilikaa mezani siku tatu. Mazuri yapo na nitayasema: aliingia darasani bila karatasi yoyote na kutoka akiwa na chaki hadi kwenye nyusi, na ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba hesabu naiweza. Lakini kila nilipoandika hayo, mwaka ule wa Sumbawanga ulikuja ukakaa mbele yake ukakataa kuondoka. Basi nusu ukurasa nimeuacha, naandika mwaka wenyewe, na siombi radhi kwa hilo. Marehemu hapati heshima kwa sisi kuupunguza ukweli wake.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mradi wetu ulikuwa mdogo: rada moja iliyofungwa juu ya tela, kompyuta moja, na watu watatu. Daktari Anselmo alikuwa kiongozi. Mimi na Shija tulikuwa wanafunzi wake wa shahada ya pili. Kazi yetu ilikuwa kutazama mwangwi wa mawimbi ya rada yanaporudi kutoka kwenye wingu, na kutokana na mwangwi huo kusema kama ndani yake mna maji matupu au mna mvua ya mawe, na mawe hayo yana ukubwa gani. Mtu aliyelima Ufipa haulizi sababu ya kutaka kujua. Mawe yakishuka Februari mahindi yakiwa yanabeba, asubuhi unakuta shamba la vijiti, na wanaume wazima wamesimama ukingoni mikono nyuma kama watu waliofika kwenye msiba. Ofisi yetu ilikuwa ghala la zamani la nafaka karibu na soko, limegawanywa katikati kwa ukuta wa mbao nyembamba usiofika darini. Upande mmoja alikaa Daktari, upande wa pili sisi. Vumbi la mahindi lilikuwa limeingia hadi kwenye vitufe vya kompyuta, na ukikohoa upande huu uliambiwa pole upande ule.

Nilipanga chumba mtaa wa Kizwite kwa Mama Oresta, mjane aliyeuza maharage sokoni. Sebule yake ilikuwa na meza kubwa ya mninga iliyojaza nafasi yote, kalenda ya parokia ukutani, na jiko la mkaa ambalo kuanzia Juni lilikaa ndani pamoja nasi kama mgeni, kwa sababu baridi ya kule juu haina huruma. Tulikula ugali wa ulezi, mweusi na mzito, kwa maharage au kwa migebuka, samaki wa ziwani, iliyokaushwa, na Shija alikula pamoja nasi kwa haki ambayo hakuna aliyempa. Yeye alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia pande za Ilemba na ng'ombe wao. Mjini walimwita "Msukuma" kana kwamba ndilo jina la ubatizo wake, naye aliitika huku akitabasamu. Nilidhani hajali. Nilikuwa kijana, sikujua kwamba mtu anaweza kutabasamu huku anahesabu.

Naomba nieleze ugomvi wenyewe, maana watu wengi wakisikia tuligombana juu ya hesabu za mawimbi hudhani ni mambo ya mbinguni. Wimbi la rada likigonga tufe, yaani kitu cha mviringo kama jiwe la barafu, hutawanyika pande zote. Wimbi hilo lililotawanyika unaweza kulipasua katika maumbo safi: umbo la kwanza ambalo ni sahili, la pili lenye mikunjo zaidi, la tatu, na kuendelea. Kila umbo lina nguvu yake na mwelekeo wake. Kisha unasema, katika mwangwi huu mna kiasi hiki cha umbo la kwanza, kiasi hiki cha la pili. Viasi hivyo ndivyo vinavyojaza jedwali. Lakini kabla hujasema "kiasi," lazima ukubaliane na nafsi yako umbo moja zima ni lipi. Wapo wanaoliacha umbo kama lilivyotoka kwenye hesabu. Wapo wanaolisawazisha kwanza, wakaligawa ili kila umbo, likiwa moja, libebe nguvu sawa na wenzake. Hakuna aliyekosea. Ila moja ya huyu si moja ya yule, na asiyesema anatumia ipi anamtegea mwenzake shimo.

Daktari alikuwa ametengeneza jedwali lake miaka mingi nyuma, kwa mawe makavu tu. Shija alitumia daftari la Daktari. Mimi nilipewa kazi ya mawe yanayoyeyuka, barafu ndani na ngozi ya maji nje, na kwa kuwa daftari lile halikufika huko, nilianza upya kutoka kwenye kitabu kingine, ambacho mwandishi wake alisawazisha. Agosti Daktari aliyaweka majedwali yetu sambamba, upande wa mawe makavu ambao sote tulikuwa nao, akavua miwani.

"Leokadia, binti yangu, umekosea."

"Wapi, Daktari?"

"Kote. Namba zako zote ni kubwa. Hakuna hata moja iliyopona."

Nilirudi Kizwite mchana ule nikiwa na karatasi mbili. Nikaanza kugawa, namba yangu kwa namba yake, mstari kwa mstari. Umbo la kwanza lilitoa moja nukta nne moja nne. Nikachukua jiwe kubwa zaidi: moja nukta nne moja nne. Jiwe dogo: hivyo hivyo. Umbo la pili lilitoa mbili nukta nne nne tisa kwa mawe yote. La tatu, tatu nukta nne sita nne. Nikazizidisha zenyewe kwa zenyewe, nikapata mbili, sita, kumi na mbili. Moja mara mbili, mbili mara tatu, tatu mara nne. Niliweka kalamu chini. Kosa halina adabu namna hiyo. Kosa huruka huku na huku kama mbuzi waliofunguliwa. Hizi zilikuwa zimejipanga mstari kama watoto wa komunyo ya kwanza. Sikukosea. Nilikuwa napima kwa moja nyingine.

Kesho yake nilimweleza Daktari. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Mawimbi haya yameandikwa kama ninavyoyaandika mimi tangu sijazaliwa."

"Na ya kwangu pia, Daktari. Katika kitabu kingine."

"Badilisha."

"Nitaandika juu ya jedwali kwamba nimesawazisha, na namna ya kutoka langu kwenda lako."

"Sikukuambia uandike. Nimekuambia ubadilishe."

Watu niliowasimulia haya huniuliza kwa nini sikubadilisha. Ingekuwa kazi ya mchana mmoja, kila mstari ungegawanywa kwa namba yake, na amani ingerudi. Nimejiuliza hivyo mwenyewe, hasa ile miaka mitatu niliyofundisha fizikia sekondari kule kule Sumbawanga nikisubiri msimamizi mwingine anipokee nimalize shahada. Jibu langu halijabadilika. Kama angeniomba nigeuze kipimo ili tulingane, ningegeuza na kumpelekea chai. Yeye alitaka igeuzwe kama kosa linalosahihishwa, mbele ya Shija, na iandikwe hivyo. Na kusema kweli, kipimo changu kilikuwa bora kwa kazi ile: ukitaka nguvu yote iliyotawanyika unajumlisha tu miraba ya namba, basi, bila kukumbuka uzito wa kila umbo. Nililipenda jedwali lile. Sikuona kwa nini nilitukane kwa mkono wangu.

Tukaendelea hivyo, kila mtu na jedwali lake, hadi Januari mawe yalipoanguka. Yalianguka alasiri, juu ya mabati ya ghala, kwa kishindo kilichofanya watu wawili wasiweze kusemezana. Rada ilikuwa inafanya kazi. Shija alitoka na beseni kichwani badala ya kofia, akalijaza, akarudi nalo barazani, na tukayapima mawe moja baada ya jingine kwa kipimio cha fundi kabla hayajayeyuka, vidole vikifa ganzi. Wanawake wa sokoni waliokimbilia chini ya paa letu walitutazama. Mmoja alimwambia mwenzake, "Mahindi yetu yanakufa, hawa wanapima risasi." Shija aliingiza ukubwa wa mawe kwenye programu ili itabiri mwangwi, tukaulinganisha na uliosomwa na rada. Wa programu ulikuwa mara mbili na zaidi ya ule wa rada.

Daktari alisimama nyuma yetu. "Hili ni jedwali la nani?"

"La Leokadia," Shija akasema, macho kwenye beseni. "Yalikuwa yanayeyuka. Ilibidi litumike lake."

"Nilisema," Daktari akasema, na akaenda upande wake.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimekaa sakafuni nyuma ya makabati nikitafuta karatasi za Agosti, Daktari na Shija wakaingia upande wa pili bila kujua nipo. Ukuta wetu, kama nilivyosema, haukufika darini. "Utaandika barua," Daktari alikuwa anasema, "kwamba jedwali la pili lina makosa na mwenyewe anakiri. Asaini. Tupeleke la kwangu, watu wa juu wasitusumbue na maswali." Shija akauliza, "Na asiposaini?" Daktari akacheka kidogo, si kwa ubaya, na hicho ndicho kilichoniumiza zaidi, kwamba hakuwa na ubaya. "Atasaini. Binti wa Kifipa aliyefika chuo kikuu, aende wapi? Arudi kulima ulezi?" Nilingoja Shija aseme kitu. Nilisikia kiti kikisogea, basi. Nilikaa pale sakafuni hadi walipotoka. Nilikuwa nimelima ulezi tangu nikiwa na miaka saba. Nilijua kuutenga na magugu yanayofanana nao, kazi ambayo Daktari na shahada zake zote asingeiweza. Nilishangaa kwamba mtu anayekula mkate wa Ufipa anaweza kulitaja shamba la ulezi kama jela.

Barua ililetwa na Daktari mwenyewe, Jumatatu. Niliisoma mara mbili nikamrudishia.

"Sisaini."

"Umeielewa?"

"Nimeielewa, ndiyo maana."

Aliniomba ufunguo wa ofisi. Nilimpa. Hakunifukuza bado, alidhani siku chache za kukaa nyumbani zingenilainisha. Badala yake niliigeuza meza ya Mama Oresta kuwa ofisi. Nilikuwa na kikokotoo cha mkononi na kalamu za rangi mbili, na nikaanza hesabu ya kitu sahili kuliko vyote: tufe la chuma. Rada yetu ilikuja na tufe la namna hiyo ndani ya sanduku, kwa ajili ya kuikagua, kwa sababu mwangwi wa chuma hauyeyuki wala haubishaniwi. Nilihesabu mwangwi wake mara mbili, kwa kipimo changu na kwa kipimo cha Daktari, na sambamba nikaanza kulikagua jedwali langu lote la mawe yanayoyeyuka. Jioni Mama Oresta alinisaidia. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne, na alisoma namba kama anayesoma somo kanisani, kila tarakimu kwa heshima yake, "sifuri, nukta, saba, sifuri, saba, moja," mimi nikilinganisha na daftari. Siku ya nne akanyamaza katikati.

"Hii tulishaisoma, mwanangu."

"Hapana, Mama. Hiyo ni mpya."

"Tulishaisoma. Iko juu hapo, mstari wa tatu. Inaishia na tisa mbili, kama namba ya nyumba ya kaka yangu."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimenakili mstari mmoja mara mbili, na mstari uliopaswa kuwa pale haukuwapo. Lilikuwa kosa kweli, langu, lisilohusiana na kipimo cha mtu yeyote. Nililisahihisha, na asubuhi nikaenda ghalani, nikagonga kama mgeni, nikamwambia Daktari.

"Sasa unakiri," akasema.

"Nakiri mstari mmoja, nimeuleta uliosahihishwa. Barua yako inasema jedwali zima."

Nadhani siku ile ndiyo alianza kunichukia, maana mtu anayebisha kila kitu ni rahisi kumdharau, lakini anayekuletea kosa lake mwenyewe mkononi unamweka wapi? Mstari ule, hata hivyo, haukueleza ule mwangwi wa mara mbili. Nilirudi nikamweleza Mama Oresta nilivyoweza, huku akichambua maharage. Alifikiri, akasema, "Sokoni kuna anayejaza debe mpaka likaota kichwa, na kuna anayelikata kwa fimbo. Wote ni waaminifu, mradi kila mmoja ana wateja wake. Kelele zinaanza mtu akichukua debe la huyu akaenda kulipigia hesabu ya yule." Akatupa jiwe lililokuwa kwenye maharage. "Nani alichukua debe lako?"

Shija alipokuja kula nilimuuliza kabla hajanawa. "Kwenye programu, namba ni zangu. Kanuni ya kujumlisha ni ya nani?"

"Ya Daktari," akasema.

"Ulijua?"

"Siku ya mawe sikujua. Nilijua baada ya siku mbili, nilipokaa na karatasi. Ukiweka kanuni yako, mwangwi unakubaliana na rada."

"Kabla ya yale mazungumzo ya barua, au baada?"

Alielewa kwamba nilisikia. "Kabla," akasema. "Dada Leo, baba amehamishwa na ng'ombe wake mara mbili. Kila anapofika anaambiwa si kwao. Mimi ndiye mtoto pekee anayeweza kusema anafanya kazi ya serikali. Nikimwambia Daktari kwamba mimi ndiye niliyechanganya, narudi nyumbani Msukuma tu."

Nilikuwa na hasira, na sitasema sasa kwamba nilimwelewa. Nilimwelewa baada ya miaka. Nilimwambia, "Kula, ugali unapoa. Kesho ulete lile tufe."

Alilileta. Tulivuta tela la rada hadi uwanda wa nje ya mji, mahali ambapo hakuna nyumba wala mti wa karibu wa kuleta mwangwi wake, tukasimamisha nguzo mbili ndefu za mikaratusi na kulining'iniza tufe katikati kwa uzi wa kuvulia samaki. Upepo ulitusumbua hadi saa tatu asubuhi. Daktari alikuja kwa sababu Shija alimwambia kwamba rada inakaguliwa, na hilo halikuwa uongo. Nilimpa karatasi yenye mistari mitatu kabla hatujawasha: namba zake kwa kanuni yake, namba zangu kwa kanuni yangu, namba zangu kwa kanuni yake. Miwili ya kwanza ilikuwa sawa hadi tarakimu ya mwisho. Wa tatu ulikuwa juu sana. Rada ikasoma. Ilisoma ile miwili ya kwanza, ikipishana nayo kiasi kidogo ambacho upepo ulitosha kukieleza.

"Mimi ndiye niliyechanganya, Daktari," Shija akasema. "Jedwali lake halina kosa."

Daktari aliikunja karatasi mara mbili. "Kwa hiyo yote mawili ni sahihi."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi la kwangu linatosha."

Tulirudi ghalani. Nilidhani imekwisha, kwamba barua itachanwa. Aliketi, akaandika nyingine kwa mkono, fupi zaidi, akanisogezea. Ilisema jedwali la pili limeondolewa kwa sababu ya dosari, na kwamba mtayarishaji wake anaafiki. Alisema kwa sauti ya uchovu, kama baba, "Hakuna tena neno kosa. Nimekuondolea. Saini, tuendelee na kazi, utamaliza shahada yako mwaka huu huu."

Ndilo jambo gumu zaidi nililowahi kuwekewa mezani, kwa sababu lilikuwa karibu sana na haki. Niliomba kalamu. Nikaikata kwa mistari miwili ile barua yake na chini yake nikaandika: Jedwali la pili ni sahihi kwa kipimo kilichoelezwa ukurasa wa kwanza. Mawe yanayoyeyuka hayamo katika jedwali lingine lolote la mradi huu. Atakayetumia namba hizi kwa kanuni ya jedwali jingine, atakosea yeye. Nikasaini jina langu lote.

Aliisoma. "Hii siwezi kuipeleka."

"Basi usiipeleke. Lakini ndiyo niliyosaini."

"Unaelewa kwamba umemaliza kazi hapa?"

"Naelewa."

Shija alikuwa amesimama karibu na mlango wakati wote huo. Alikuja mezani, akasema, "Niazime kalamu, dada." Akaandika jina lake chini ya langu, taratibu, na jina la baba yake, na la babu yake, kama mtu anayejaza fomu ya mpaka. Kisha akatoa funguo za ofisi na za rada mfukoni akaziweka juu ya ile karatasi. Daktari alizitazama funguo, akamtazama Shija, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona hajui mikono yake aiweke wapi.

Nje wapakiaji walikuwa wanapandisha magunia kwenye lori. Tulipita katikati yao hadi upande wa pili wa barabara ndipo Shija akazungumza.

"Baba ataniuliza."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimefukuzwa kwa kusaini kitu cha kweli." Alifikiri kidogo. "Atauliza kama kinakamuliwa."

Tukacheka hadi mpakiaji mmoja akatua gunia lake na kututazama. Jedwali lilikuwa kwapani mwangu, kurasa arobaini na moja, na ukurasa wa kwanza ulisema wazi moja yangu ni ipi.